Sauti Ambayo Wenzako Wanaijua Tayari

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya waimbaji na walimu wa kwaya katika semina yetu ya uimbaji. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Waheshimiwa mapadre, walimu wangu wa kwaya, viongozi wa sauti zote nne, ndugu zangu waimbaji: Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo katika vikao vyetu tumezoea kulipita haraka, kwa sababu linagusa aibu, na aibu haipendi kutajwa. Jambo lenyewe ni hili. Kwa nini mwimbaji anayesimama mbele ya waumini kila Dominika, anayeimba Misa nzima bila kutetereka, hushindwa kuimba ubeti mmoja mbele ya simu yake akiwa peke yake chumbani?

Mnajua ninachokisema. Siku hizi mtunzi akimaliza wimbo, nota zinatufikia kwenye kundi la WhatsApp siku hiyo hiyo. Mwalimu anaimba sauti moja moja, anarekodi, anatuma, kisha anaomba kila mmoja ajifunze nyumbani, ajirekodi na kutuma sehemu yake ili makosa yajulikane kabla ya siku ya mazoezi. Halafu inakuwaje? Kimya. Wanatuma wawili, na kila mara ni wale wale. Wengine wanaweka alama ya dole gumba, na siku ya mazoezi ndipo tunagundua kwamba alto nzima, sauti ya chini ya wanawake, imejifunza nota ya "la" mahali palipoandikwa "so", na saa nzima inapotea kuwatoa huko. Ukimuuliza dada wa alto kwa nini hakutuma, atasema simu haikuwa na chaji, watoto walipiga kelele, mafua yalimbana. Ukikaa naye pembeni kwa upole, atakwambia: "Mwalimu, nilijirekodi. Nikajisikiliza. Nikafuta."

Ndugu zangu, ni wangapi humu ndani wamewahi kujirekodi, wakajisikiliza, wakafuta? (Mikono mingi ilinyooshwa, ikiwamo ya walimu.)

Asanteni kwa ukweli wenu. Sasa naomba tufanye jambo moja kwa pamoja. Kila mmoja azibe masikio yake kwa vidole, ayazibe kabisa, kisha aimbe taratibu, midomo ikiwa imefungwa, nota yoyote ya chini inayomkalia vizuri. (Ukumbi ulivuma.) Mmeisikia? Imekuwa nene, imejaa, kama inatoka kifuani. Masikio umeyaziba, kwa hiyo sauti hiyo imepita wapi? Imepita kwenye taya na kwenye mifupa ya fuvu, ikafika sikio la ndani bila kuhitaji kupita hewani. Ndivyo ilivyo kila unapoimba: unasikia sauti mbili kwa wakati mmoja, ile inayotoka mdomoni na kukurudia kwa njia ya hewa, na ile inayosafiri ndani ya mifupa yako, ambayo hubeba zaidi mitetemo ya chini na kukupa ule uzito unaoupenda. Georg von Békésy, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kazi yake juu ya sikio la ndani, alikuwa ameandika mwaka 1949 kuhusu jambo hili hili, namna mtu anavyojisikia mwenyewe kupitia mifupa. Simu haina fuvu lako. Inanasa ile sauti ya hewani peke yake, nawe ukiisikia unaona nyembamba, imepanda juu, si yako.

Lakini hebu nijibuni. Ni nani mwingine duniani aliyewahi kuisikia sauti yako ya mifupa? Je, mama yako aliyekulea? Hajawahi. Mumeo au mkeo? Hajawahi. Padre, mpiga kinanda, mwenzako anayesimama begani pako tangu mlipojiunga na kwaya? Hakuna hata mmoja. Wote wanaijua ile ya hewani, ile ile unayoifuta. Waliokuchagua uimbe wimbo wa katikati siku ya Pasaka walikuchagua kwa sauti hiyo. Waliokupigia simu kukushukuru baada ya mazishi ya baba yao walikushukuru kwa sauti hiyo. Katika kanisa zima, mgeni wa sauti yako ni wewe peke yako.

Najua wapo watakaosema: sawa, nimeelewa habari ya mifupa, lakini bado naumia nikijisikiliza. Nanyi mnasema kweli, kwa maana mifupa si sababu pekee. Mwaka 1966 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Philip Holzman na Clyde Rousey, walieleza kwamba mtu anapokutana na sauti yake kwenye rekodi hushtushwa pia na mambo ambayo hakukusudia kuyasema: wasiwasi, huzuni, kusitasita. Sauti huyatoa bila ruhusa yetu. Wakati tunaongea au tunaimba hatuyasikii, kwa sababu akili imeshughulika na maneno. Rekodi inapochezwa, tunayasikia yote.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana hapa ndipo waimbaji wengi wazuri wanapopotelea. Namkumbuka kijana mmoja wa tena, yaani sauti ya juu ya wanaume, mwenye sauti safi, aliyekuwa akijaribu kujirekodi katika chumba cha mazoezi baada ya wenzake kuondoka. Nilikuwa nakusanya vitabu vya nota, nikamtazama bila yeye kujua. Alisafisha koo. Akabonyeza. Akaimba maneno matatu, akasimama, akafuta. Akasafisha koo tena, akaanza, na safari hii alianzia juu zaidi kuliko mwanzo. Mabega yalikuwa yamepanda karibu na masikio, pumzi anaivutia kifuani badala ya kuishusha tumboni, kidevu amekiinua, koo limekaza. Kila alipofuta na kuanza upya, ufunguo ulipanda na pumzi ilipungua. Alipokata tamaa alinipa simu na kusema, "Mwalimu, mimi sauti sina." Sikumjibu. Nilichukua simu yangu, ambayo niliiacha ikirekodi mazoezi yote ya jioni ile, nikamtafutia mahali ambapo tena waliimba peke yao na yeye akiwa mbele. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Sauti ilikuwa pana, imetulia kwenye ufunguo, maneno yanasikika mpaka mwisho. Mwimbaji ni yule yule, jioni ni ile ile, wimbo ni ule ule. Tofauti ilikuwa moja tu: wakati wa mazoezi hakujua kwamba anarekodiwa.

Kijana yule alikuwa anarekodi hofu, halafu anaihukumu sauti. Je, nasi hatufanyi hivyo? Tunairekodi hofu, tunaihukumu sauti. Tunasikia pumzi iliyokatika kwa woga, tunasema hatuna pumzi. Tunasikia nota iliyoshuka kwa sababu koo lilikaza, tunasema hatuna sikio la muziki. Hukumu hiyo si ya haki, ndugu zangu, na sisi tunaoimba habari za haki madhabahuni tusiitoe hata juu yetu wenyewe.

Dawa yake ni kuufanya urekodi kuwa jambo la kila siku mpaka mwili usahau kuuogopa. Washa simu kabla hujaanza mazoezi ya sauti, iweke mahali, iache iendelee. Fanya mazoezi yako ya kupanda na kushuka, kunywa maji, imba wimbo mara kadhaa, zungumza na mtoto akiingia, endelea. Usiguse kitufe mpaka umalize. Utakachokisikia humo, hasa baada ya dakika kumi au kumi na tano, ndicho kilicho karibu na sauti yako halisi. Tena usijisikilize hapo hapo, ukiwa bado unahema na bado unakumbuka kila ulipojikwaa. Lala. Sikiliza kesho yake asubuhi ukiwa na nota mkononi na kalamu. Fundi cherehani huigeuza nguo ndani nje ili akague mishono, wala hamkasirikii mwenye nguo. Nawe kagua: nimeingia kwa wakati? Nimeshika ufunguo mpaka mwisho wa ubeti? Irabu zangu zinafunguka, au "Bwana" wangu umegeuka "Bwena"? Swali la "je, ninapendeza?" liache kwanza, kwa sababu halina jibu ambalo mwimbaji anaweza kulifanyia kazi.

Neno kuhusu vifaa, kwa kifupi, kwa sababu yapo makosa ya simu na ya chumba tunayojibebesha sisi. Nasema hasa na ndugu zangu wa besi, sauti ya chini ya wanaume. Nota za chini kabisa za besi hutetema kama mara 80 hadi 100 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kuitetemesha hewa ipasavyo kwa kasi ndogo kiasi hicho. Besi anajirekodi vizuri, anajisikiliza kwa spika ya simu, anasikia sauti isiyo na kifua, anasema amekwisha. Hajaisha. Asikilize kwa spika za masikioni, au aiunganishe simu na redio kubwa, atajikuta. Chumba nacho kina maneno yake. Chumba chenye sakafu ya vigae na kuta tupu hurudisha mwangwi mkali. Chumba chenye godoro, pazia zito na kanga zilizotundikwa humeza ule mwangwi. Usiiweke simu mezani, kwa sababu itapokea na mtikisiko wa meza. Iweke juu ya nguo iliyokunjwa, mbali nawe kiasi cha mkono ulionyooshwa, usawa wa kifua. Mvua ikinyesha juu ya bati, ahirisha. Na unapotaka kuimba juu ya kinanda kilichorekodiwa, tumia spika za masikioni zenye waya kama unazo, kwa sababu zile zisizo na waya huchelewesha mlio kidogo, nawe utajikuta unaburuta nyuma ya mdundo bila kosa lako. Weka spika sikio moja, sikio jingine liache wazi ujisikie.

Nimesikia pia hoja ya kiroho, na naiheshimu. Kuna wanaosema kwamba kujirekodi na kujisikiliza ni majivuno, kwamba mwimbaji wa kanisa aimbe kwa Mungu na asijitazame. Nawauliza kwa heshima: msomaji wa Neno anayelisoma somo nyumbani jioni ya Jumamosi ili asijikwae kesho yake, naye anajivuna? Tunapenda kusema kwamba aimbaye vema husali mara mbili. Basi huko kuimba vema kunakuja kwa njia gani kama hatuko tayari kusikia tunavyoimba? Majivuno humfanya mtu asiyetaka kukosolewa akimbie rekodi, na mimi nimeona waimbaji wakipata unyenyekevu wa kweli siku walipokaa na rekodi yao, wakaisikiliza mpaka mwisho, wakasema, "Hapa nimekosea, hapa nimepatia." Kusema "nimepatia" panapostahili ni sehemu ya ukweli huo.

Niruhusuni sasa nitoke nje ya kanisa, nivuke maji kwenda Unguja, kwa sababu huko kuna mama ambaye kila mwimbaji wa Kiswahili ana deni kwake. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika ukoo wa kitumwa, akawa akiuza vyungu, akinadi bidhaa yake kwa sauti. Alipoingia mjini na kuanza kupata jina kwa kuimba taarabu, alitungiwa wimbo wa kumdhihaki: kwamba alikuja mjini na kaniki yake, ile nguo nyeusi ya watu maskini, na kama si sauti angekula nini. Fikirini uzito wa hilo. Hapo sisemi habari ya mtu mmoja aliyekucheka kwenye kundi la simu. Ni mji unaoimba aibu yako mabarazani. Naye akajibu kwa wimbo, akisema kwamba uzuri wa sura si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili.

Mwaka 1928 Siti na wapigaji wake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Jiulizeni kazi hiyo ilifanywaje. Wakati ule sauti ilichorwa kwenye bamba la nta, na upande mmoja wa santuri ya kawaida ulibeba kama dakika tatu tu. Ukikosea, lililochorwa limechorwa. Hakuna kukata neno moja na kulibandika upya, mnachukua bamba jingine na kuanza wimbo mwanzo. Na bamba la kutengenezea santuri halikuchezwa pale pale ili mwimbaji ajisikilize, kwa sababu sindano ingeliharibu. Mwimbaji aliimba, akaondoka, akasubiri santuri. Hakukuwa na kujisikiliza na kufuta. Mwanamke aliyedhihakiwa hadharani alisimama katika nchi ya ugenini, mbele ya chombo, akatoa sauti yake bila nafasi ya kuirudisha, na santuri zile zikachezwa kwenye gramafoni za pwani na bara, kwa watu ambao hawakuwahi kuiona ile kaniki. Alifariki mwaka 1950. Sauti yake tunayo.

Naye Bi Kidude, aliyezichukua nyimbo za Siti akaziimba mpaka uzeeni: sauti yake ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, haikufanana kabisa na zile tunazozisifu kuwa nyororo. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, na alipofariki Aprili 2013 alililiwa na watu wa mbali na Zanzibar. Je, angengoja kwanza sauti ilainike ndipo arekodiwe, leo tungekuwa na nini?

Swali hilo linanipeleka kwenye jambo linaloniuma kuliko yote niliyokwisha kuyasema. Vigangoni kwetu wapo mama zetu na bibi zetu wanaozijua nyimbo ambazo hazimo katika kitabu chochote. Wanajua namna nyimbo za Majilio zilivyoimbwa kabla ya kinanda kufika, wanajua vibwagizo vya lugha za kwao ambavyo makatekista wa zamani walivitunga na hawakuviandika popote. Ukimwendea bibi ukamwomba umrekodi, anaficha uso kwa kanga na kusema, "Mwanangu, sauti imezeeka, ungenikuta ningali msichana." Nasi kwa kumheshimu tunaiweka simu mfukoni, tunaaga. Nawaomba, msiage haraka. Kaeni. Mwombeni aimbe wakati anapepeta mchele au anapomsuka mjukuu, simu ikiwa wazi na yeye akiijua ipo, mpaka aizoee.

Na mtakapomshawishi, msimulieni habari ya Adelina Patti. Huyu alikuwa mwimbaji wa opera mwenye sifa kubwa mno katika karne ya 19, aliyeanza jukwaani New York mwaka 1859 akiwa msichana wa miaka 16. Alirekodiwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1905, nyumbani kwake Craig-y-Nos huko Wales, akiwa na miaka 62. Landon Ronald, aliyempigia piano siku zile, alisimulia kwamba Patti alipoisikia sauti yake ikitoka kwenye baragumu la chombo alilipigia mabusu, akasema sasa ameelewa kwa nini yeye ni Patti. Alikuwa ameimba zaidi ya miaka 40 mbele ya wafalme bila kuijua sauti yake. Pumzi ilikuwa imeshapungua, nota za juu hazikuwa zile za ujana, na wataalamu wanayasikia hayo katika rekodi zake. Wanaendelea kuzisikiliza, kwa sababu sauti ya ujana wake haikunaswa na mtu, na hii ya uzee ndiyo pekee iliyobaki.

Basi ndugu zangu, kazi ya mchana ni hii. Tukimaliza kula, kila mmoja atatafuta mahali pake chini ya miti au katika madarasa yaliyo wazi, ataiwasha simu, na ataimba sehemu yake ya Utukufu tuliojifunza asubuhi, mara nyingi kadiri apendavyo, bila kuizima na bila kufuta. Hakuna atakayejisikiliza leo. Jioni mtamtumia kiongozi wa sauti yenu peke yake, si kundi zima, na kesho baada ya Misa kila sauti itakaa na kiongozi wake, nota mkononi, tusikilize pamoja. Walimu nao watarekodi, na zao ndizo zitakazochezwa kwanza. Wenye simu zilizojaa waondoe video za zamani sasa hivi, na wasio na simu ya kurekodia wapite kwa katibu, zipo mbili za kuazima.

Tumsifu Yesu Kristo.